Hesi ya Kike

Mkereza alikuwa hatoi mkono. Ukimwamkia alikunyooshea kifundo cha mkono, ukishike hicho, kwa sababu viganja vyake vilikuwa na grisi tangu asubuhi na hakutaka kumchafua mtu. Mazoea yale yalimganda. Hata siku ya Idi, amekoga, amevaa kanzu iliyofukizwa udi, alinyoosha kifundo. Mkewe, niliyemwita Bi Mkubwa kama walivyomwita wote pale mtaani, alikuwa akimwambia, "Mpe mtu mkono, bwana, leo sikukuu." Alijitazama kiganja, akakigeuza, akanyoosha kifundo vilevile.

Jina lake lipo, na wanawe wanalitumia mpaka leo, lakini mimi sikupata kulitamka mbele yake na sitalitamka hapa. Alikuwa Mkereza, basi. Kazi yake ilikuwa kukereza vyuma: alikifunga kipande kwenye mashine ikakizungusha, naye akakichonga kwa kisu kigumu mpaka kikawa shafti, nati au pete ya pampu. Mashine ilikaa chumba cha chini cha nyumba yao, upande wa Malindi, mjini Unguja, na juu yake, penye sakafu ya boriti, ndipo alipolala na mkewe. Bi Mkubwa alisema majirani zake huamshwa na adhana, yeye huamshwa na kitanda kutetemeka.

Mimi nina duka la vitu vya kale, dogo, wakiingia wawili wa tatu angoje nje. Nauza mabirika, kandili, kufuli, vitasa vya milango. Mara kwa mara huletewa sanduku zima la vyuma kutoka nyumba ya fundi aliyefariki, na humo ndani sijui hiki nini wala kile nini. Ndipo nilipoanza kwenda kwa Mkereza. Yeye alinitajia jina la kila chombo na kazi yake, nami nikaandika kwenye kijikaratasi na kukifunga kwa uzi. Hiyo ndiyo sababu niliyompa, na ilikuwa ya kweli. Sababu ya pili sikumwambia. Mimi ni binti wa nahodha wa Mkokotoni ambaye mashua yake ilipinduka ikivuka kwenda Tumbatu, wakafa watu wanne, na shafti ya mashua ile na nati yake vilichongwa na Mkereza. Nilikwenda kwake miaka sita nikingoja ulimi wake uteleze.

Niieleze habari yenyewe, maana bila hiyo mtu huyu hataeleweka. Rafadha, lile panga linalozunguka majini na kusukuma mashua, hushikwa kwa nati mwisho wa shafti, ule mhimili unaotoka kwenye injini. Rafadha ya baba ilizungukia kulia. Nati ya kawaida, ile ya kukazwa kwa kuzungushwa kulia, ingekuwa ikifunguka kidogo kidogo kila injini inapokwenda; ilitakiwa nati ya kukazwa kinyume, kushoto. Sasa baba ni mtu wa kaskazini, na kwetu wazee mkono wa kulia huuita wa kuume na wa kushoto huuita wa kike. Alipokwenda kuagiza shafti mpya, siku chache kabla ya Idi, alimwambia Mkereza hesi iwe ya kike. Hesi ni ile mifuo inayopanda ikizunguka kwenye parafujo. Lakini ndani ya karakana kike na kiume ni mambo mengine kabisa: parafujo ni dume, na nati inayoipokea ni jike.

Mkesha wa Idi nati ilifunguka katikati ya mkondo, rafadha ikazama, mashua ikakaa ubavu na wimbi likaipeleka mwambani. Wawili kati ya wale wanne hawakuonekana tena. Mashua ilivunjika vipande, na injini na shafti zikaenda chini, hivyo hapakubaki kitu cha kutazamwa ila maneno. Wazee wakaitisha kikao. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nikayasikia yote. Baba alisema, "Nlimwambia ya kike, yeye kanipa ya kuume." Mkereza akajibu bila kupandisha sauti: "Nati zote za kike. Kaniagiza ya kike, na ya kike nimempa. Nahodha hakuikaza." Watu wakacheka. Walikuwa wametoka matangani, macho bado mekundu, na wakacheka.

Tangu siku hiyo baba akaitwa Nahodha wa Kike. Watoto walimwimbia barabarani. Aliiacha bahari, na bandarini, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwetu, hakukanyaga tena. Kwenye arusi alikaa karibu na mlango, akala, akaondoka kabla ya kahawa. Nilichokitaka mimi ni kimoja tu: Mkereza akiri mbele za watu kwamba alilijua neno lile, alijua kuwa kike ni kushoto, ili baba yangu arudishiwe jina lake kabla hajafa.

Kwa hiyo nilikwenda kwake na moyo mchafu, na ningependa kusema kwamba alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

Chombo kisichojulikana alikiita maiti. "Leo umeniletea maiti gani?" ndiyo ilikuwa kauli yake baada ya kuniitikia marahaba. Alisema chuma kisicho na jina ni sawa na mtu aliyeokotwa ufukweni, alikuwa na wake na watoto mahali fulani, lakini wewe utamzika bila kumwita. Mara ya kwanza aliponiambia hivyo nilimkazia macho nione kama ataona haya, nikiwakumbuka wale wawili ambao bahari haikuwarudisha. Hakuonyesha kitu. Nilimchukia barabara siku ile.

Hakuwa na pupa ya kutaja jina. Alianza kwa kukipima chombo uzito mkononi, akakinusa, halafu akakigusa kwa ncha ya ulimi, jambo ambalo Bi Mkubwa hakulipenda hata kidogo. "Siku moja utaramba sumu, uniachie msiba," alikuwa akimwambia. Yeye alidai kuwa chuma kilicholala pwani kina chumvi na kilichokaa karakana kina mafuta, na hapo peke yake mtu ashapata nusu ya habari. Kisha alitafuta palipolika. Huo ndio ulikuwa msemo wake mkubwa, nimeusikia mara mia: "Usiulize chombo kina sura gani. Uliza mkono uliingia wapi." Alinionyesha sehemu ndogo iliyong'aa ubavuni mwa chuma, pale kidole gumba cha mtu tusiyemjua kilipokaa miaka na miaka. Aliweka gumba lake hapo hapo. "Huyu alikuwa na vidole vifupi," alisema siku moja, kwa huruma, kana kwamba mwenyewe yuko chumba cha pili anaumwa.

Majina mengine aliyarithi kwa mafundi waliomfundisha, Wahindi na Waarabu na vijana wa Ng'ambo, na mengine nadhani aliyatunga mwenyewe. Bikari ya kupimia unene kwa nje, yenye miguu iliyopinda, aliiita matege. Ile ya kupimia tundu kwa ndani, yenye nyayo zilizoangalia nje, ilikuwa bata. Kile kipimo chenye majani mengi ya chuma, kila jani na meno yake, cha kujua hesi ni ya saizi gani, kilikuwa chanuo. Niliyaandika hivyo hivyo kwenye vikaratasi vyangu. Wageni walicheka na kununua.

Asipojua, alisema hajui. Niliwahi kumpelekea kitu cha shaba chenye bomba la kioo katikati, kizuri, kizito, nikamwachia. Alikaa nacho miezi mitatu. Alikitundika msumarini karibu na mlango, na kila aliyepita alimwita akitazame: fundi wa saa, mtu wa umeme, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye meli. Hakuna aliyekijua. Mwishowe alinirudishia, na karatasi ameiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: SIJUI. Nikamwuliza nitauzaje kitu kwa jina hilo. "Sijui nayo jina," alinijibu. "Aibu kumbandika mtu jina la mwengine."

Yupo mfanyabiashara mmoja, duka lake si mbali na langu, aliyekuwa na chuma chenye makucha matatu na parafujo nene katikati. Alikiweka dirishani na kibao kwamba kilitumika kuwatesea watumwa. Wageni walikipiga picha, wengine machozi yakiwatoka. Mkereza alikuwa akipita kwenda kuswali adhuhuri. Akasimama, akakitazama, akaingia ndani na makubadhi yake. "Hiki cha kutolea beringi!" alipiga kelele mbele ya wateja, kisha akakishika na kuwaonyesha kwa vitendo namna makucha yanavyoikamata beringi na parafujo inavyoivuta itoke. Mwenye duka akamwambia, "Mzee, tuachie riziki zetu." Naye akamwambia, "Wazee wetu waliteswa ya kutosha. Usiwaongezee ya uongo."

Mtaa mzima ulisimulia kisa kile wiki nzima, na kila aliyekisimulia alimsifu. Mimi nilifunga duka mapema nikaenda kukaa peke yangu Forodhani, nimejaa hasira. Mtu huyu hakuweza kuuacha upite uongo juu ya chuma cha kutolea beringi. Juu ya baba yangu aliuacha upite, tena ulitoka kinywani mwake.

Kazi alichagua. Cherehani, pampu za visima, mashine za kukuna nazi, hata baiskeli, alivipokea. Vya baharini alikataa, na watu walisema ni maringo. Nilikuwapo siku alipoingia kijana wa watu wa Tumbatu, shafti imevunjika ameibeba begani, kapanda gari kutoka Mkokotoni makusudi.

"Shikamoo, fundi. Nimeambiwa Unguja nzima hakuna kama wewe."

"Marahaba. Vya baharini sikerezi."

"Fundi, kule watu wanavuka kila siku."

"Ndo maana," alisema Mkereza, na akamgeuzia mgongo.

Jingine ni hili la chakula. Alikuwa hali samaki. Mtu wa Unguja, aliyezaliwa na kuzeekea hatua mia mbili kutoka baharini, hali samaki, hali pweza, hali dagaa. Bi Mkubwa aliniambia hilo siku tuliyokuwa tukichambua mchele pamoja ukumbini. Nilimwuliza ni tangu lini. Akafikiri, akasema, "Miaka kumi na tano, kumi na sita. Kama kwamba aliota. Nikimpikia anauliza, huyu kala nini huko alikokuwa?" Nilihesabu kimoyomoyo, nikainamisha kichwa juu ya ungo ili asinione uso. Sikupata furaha niliyoitarajia.

Wanawe wawili hakuwafundisha kazi. Mmoja anajenga nyumba za watu huko Fumba, mwingine anauza simu. Walitaka kujifunza walipokuwa wadogo, akawafukuza karakanani, na walilalamika mpaka ukubwani. Aliwaambia kuwa kazi hii mtu hukosea mara moja tu. Nao walidhani anazungumzia kukatwa vidole na mashine.

Alikuwa mkali kwa mkewe juu ya mambo ya kipuuzi, kikombe kuhamishwa, taulo kutundikwa msumari usio wake. Halafu Bi Mkubwa alipougua goti, alimchongea fimbo ya chuma chembamba yenye kishikio kilichomkaa mkononi sawasawa, kwa kuwa alikuwa amempima kiganja amelala. Sikujua niyaweke wapi mambo kama hayo. Nilikuwa nimekuja na gunia moja tu, la chuki, na vitu vyake vingi havikuingia humo.

Ulimi uliteleza mwaka jana, wiki ya pili ya Ramadhani, baada ya alasiri, mdomo umemkauka na saumu. Nilimpelekea kijisanduku kutoka nyumba moja iliyokuwa ikibomolewa. Ndani yake mlikuwa na chuma kama msumari mnene, chenye meno ya kuzunguka, na kichwa chake mraba. Vya namna hiyo nilishavijua: huzungushwa ndani ya tundu ili kukata hesi ya nati. Lakini yeye alikipeleka mwangani, akapitisha ukucha kwenye mifuo, na uso ukamchangamka.

"Hiki adimu! Miaka mingi sijakiona. Cha hesi ya kike hiki."

"Ya kike, maana yake ya ndani ya nati?" nilimwuliza. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kwa mbali.

"Ndani ndiyo, lakini si kila ya ndani ya kike," alisema, na ukali wa ualimu ukampanda. "Miaka sita nakufundisha, bado? Tazama mifuo inavyopanda. Inakwenda kinyume. Ya kike, ya mkono wa kike. Mkono wako huu!" Na akanigonga kidogo kwa chuma kile kwenye mkono wa kushoto.

Alikiweka chuma juu ya meza polepole na kukifuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Andika," akasema.

"Niandike nini, fundi?"

"Andika ulichokuja kukitafuta." Alikaa kwenye kiti chake. "Hukudhani kama nakujua? Siku ya kwanza tu ulipofungua mdomo. Watu wa mjini hawasemi kama unavyosema wewe. Na uso wa baba yako unao, paji zima."

Nilimwuliza kwa nini basi alinikaribisha miaka yote ile. Badala yake aliniambia habari ya siku ya shafti. Baba alisema ya kike na yeye alielewa papo hapo, maana mama yake alizoea kusema hivyo. Ila kukata hesi ya kushoto kunataka mashine ipangwe upya, kisu kiende upande mwingine, na mkesha wa sikukuu ulikuwa unakuja na kazi zimemjaa. Aliiacha ya baba iwe ya mwisho. Ilipofika zamu yake mikono ilishika njia iliyoizoea, akamaliza, akaifunga kwa gazeti, akampa mwenyewe. Hakutambua mpaka habari ya msiba ilipofika mjini.

"Nlikwenda Mkokotoni nia yangu kusema," aliniambia. "Baba yako akalitamka lile neno, na mimi nkaliona limekaa pale, lina maana mbili. Nkaingia nyuma yake."

Niliinuka. Nilimwambia mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu wa umri wake, na Bi Mkubwa akashuka ngazi kwa fimbo yake kuja kusikiliza. Mwishowe nikamwambia twende Mkokotoni siku ile ile, aseme mbele ya watu.

"Sitakwenda mpaka baba yako aje hapa kwanza," alisema. "Tuwe wawili. Akishatoka hapa, akitaka nende, nitakwenda."

Mkosaji amwite aliyekosewa! Nilimwambia hana haya, nikatoka. Miezi minane sikupita mtaa ule. Sanduku la vyuma lililokuja dukani katika muda huo nililiuza zima, bila majina.

Bi Mkubwa ndiye aliyenipigia simu. Figo za Mkereza zilikuwa zimechoka, hospitali wamemrudisha nyumbani, na kila siku anauliza kama Nahodha amekuja. "Mwanangu," aliniambia, "mimi yenu sikuyaelewa yote, lakini mtu anakufa na kitu kooni." Nikaenda kwa baba. Nilidhani atakataa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nimpigie pasi kanzu. Njia nzima mpaka mjini hakusema neno, nami niliona ni heshima ya mtu anayekwenda kurudishiwa chake.

Mkereza alikuwa amelala chali, miguu imevimba, uso umepungua umebaki pua. Chumba kilinuka dawa ya kuchua. Baba alitoa salamu, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Waliitana fundi na nahodha, wakaulizana hali kama wazee wanavyoulizana, na kila mmoja alisema alhamdulillahi. Mimi nilimwomba Mkereza ruhusa ya kurekodi kwa simu, ili watu wa Mkokotoni na Tumbatu wasikie kwa masikio yao.

"Washa," alisema.

Nikaiweka simu juu ya godoro, baina yao.

"Nahodha, ulisema ya kike na mimi nlikuelewa," alisema Mkereza, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Nlikosea mkono, sikukosea sikio. Nlikukatia ya kuume. Na kule kikaoni nlisema uongo, watu wakakucheka. Niwie radhi."

Machozi yalinitoka. Miaka kumi na sita nilikuwa nimeyangoja maneno yale, na yalitoka mepesi, mtu anaweza kuyasema kwa pumzi mbili. Nilimtazama baba nione uso wake ukifunguka. Alikuwa akitazama sakafu.

"Na mimi nina neno moja," Mkereza akaendelea. "Ujibu, usijibu, ni juu yako. Kikaoni ulisema nimekupa ya kuume. Nati ishazama, shafti ishazama. Ulijuaje?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwa niaba ya baba. Alijua kwa sababu ilifunguka, ndivyo nilivyotaka kusema. Lakini nati isiyokazwa nayo hufunguka. Hapo ndipo nilipoona baba anatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula.

"Nlipoitia mkononi ilikwenda kuume," alisema baba. "Nliona. Mkono ukifunga nati unajua inakokwenda. Watu washajaa mashuani, wana mifuko yao, wana kuku, kesho Idi. Nkasema nivuke mara moja tu, baada ya sikukuu nimrejeshee fundi."

"Najua," alisema Mkereza.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema langu, wangekuuliza hilo. Asiyekaza nati amesahau, binadamu husahau. Lakini aliyeiona akavusha watu…" Alipopata pumzi akasema, "Usinishukuru. Sikufanya kwa wema. Nlipata pahala pa kujificha, nkaona pana nafasi ya watu wawili."

Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Nilikuwa nimegombana na nusu ya Mkokotoni kwa ajili ya baba yangu. Nilikuwa nimemwita mama wa mmoja wa wale wanne mwongo, sokoni, mbele ya watu, kwa kuwa alisema baba ndiye aliyemwulia mtoto. Nilitaka kumkasirikia mmoja wao na sikujua nianze na nani. Zaidi ya yote niliona aibu, ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Mkereza aliiona simu kabla yangu. Taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka.

"Zima, mwanangu," aliniambia. "Kata hapo nlipomaliza mimi. Yanatosha yale yangu."

Nikanyoosha mkono. Kweli nilinyoosha, na niliishika.

"Iache," alisema baba.

Aliichukua mkononi mwangu, akaiweka karibu na mdomo, kwa kuwa haamini kwamba simu inasikia kwa mbali. Akawataja wale wanne, jina la kila mmoja na la baba yake, na kitongoji alichotoka. Kisha akaanza kuhadithia tangu pale alipolifungua gazeti la Mkereza na kuitoa nati.